Mbwa Anayekimbia Akiwa Amelala: Historia ya Swali Lililodharauliwa

Kila aliyeishi na mbwa au paka ameliona jambo hili. Mnyama amejilaza ubavu, pumzi zake zimetulia, mara kope zinaanza kupepesa, sharubu zinacheza, vidole vinakunjika na kukunjuka, na miguu inapiga mbio fupi zisizogusa ardhi. Kooni hutoka sauti ndogo, nusu ya kubweka. Hupita dakika moja au mbili, kisha utulivu hurejea. Mtoto akiuliza mbwa anaota nini, wakubwa hucheka.

Nataka kukiandikia historia kicheko hicho. Swali la mtoto lilikwisha jibiwa na wanafalsafa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, tena kwa namna ambayo mchungaji yeyote angelijibu. Baadaye wasomi walilifukuza barazani pao. Liliporudi katikati ya karne ya 20, halikurejeshwa na mjadala wa wanafalsafa, bali na nyaya za umeme zilizopachikwa katika mafuvu ya paka. Kisa hiki kinahusu wanyama, lakini kinahusu zaidi namna taasisi za elimu zinavyoamua ni nani mwenye haki ya kusemwa kuwa ana maisha ya ndani, na ni swali lipi linastahili fedha.

Aristotle, katika kitabu chake juu ya historia ya wanyama, kilichoandikwa katika karne ya nne kabla ya Kristo, alisema bila mashaka kwamba si binadamu peke yake anayeota. Aliwataja farasi, mbwa, ng'ombe, kondoo na mbuzi, na akaongeza kwamba mbwa huthibitisha jambo hilo kwa kubweka usingizini. Kwake hilo lilikuwa jambo la kuandikwa tu, kama vile idadi ya meno. Karne tatu baadaye, Lucretius wa Roma alilichukua jambo hilohilo na kuliweka katika utenzi wake mkubwa kuhusu maumbile. Alieleza farasi wa mashindano anayetoka jasho na kuhema akiwa amelala, mbwa wa mawindo anayerusha miguu na kunusa hewa kana kwamba amekuta nyayo za paa, na mbwa wa nyumbani anayeshtuka kana kwamba ameona sura ya mgeni. Nia ya Lucretius ilikuwa ya kifalsafa: alitaka kuonyesha kwamba ndoto haziletwi na miungu, bali ni mabaki ya shughuli za mchana. Mbwa alikuwa shahidi wake mzuri kwa sababu hakuna aliyedhani kwamba miungu ingehangaika kumtumia mbwa ujumbe.

Tukumbuke kwamba watu hao wawili hawakuwa na darubini wala mashine. Walikuwa na macho, na waliishi karibu na wanyama. Kiswahili nacho kinasema vivyo hivyo bila kujitutumua. Kitenzi kuweweseka humfaa mtoto mwenye homa, na humfaa mbwa aliyelala kibarazani. Sarufi yenyewe humweka mnyama katika ngeli ya mtu: mbwa amelala, mtoto amelala. Hatusemi mbwa kimelala, ila pale tunapotaka kumdunisha au kumkuza kupita kiasi, na hapo hata mtu hunyang'anywa ngeli yake. Sidai kwamba sarufi imetufanya wapole. Mbwa wa mitaani hupigwa mawe katika ngeli hiyohiyo ya A-WA. Ninachosema ni kwamba mzungumzaji wa lugha hii halazimiki kuvunja ukuta wowote ili aseme mbwa anaota. Ukuta huo ulijengwa kwingine, na tarehe ya ujenzi wake inajulikana.

Mwaka 1637 René Descartes alichapisha Discours de la méthode. Katika sehemu ya tano alitoa hoja kwamba miili ya wanyama inaweza kuelezwa kama mashine, mfano wa saa iliyoundwa kwa magurudumu na springi, na kwamba wanyama hawana akili kabisa. Ili kumtendea haki, hakusema kwamba wanyama hawana uhai, wala hakukana hisia zinazotegemea viungo vya mwili. Alichokana ni fikra, yaani kuwepo kwa mtu ndani ya nyumba. Mashine inaweza kutikisika, na mtikisiko wake hauna maana yoyote zaidi ya springi iliyolegea.

Kuna barua ambayo Descartes alimwandikia mwanafalsafa Henry More mwaka 1649, na ningependa kila mwanafunzi wa siasa aisome. Ndani yake anakiri kwamba maoni yake si ukatili kwa wanyama kwa kiasi kile yalivyo msamaha kwa wanadamu, kwa kuwa yanawaondolea shaka ya kutenda kosa wanapowala au kuwaua. Ni nadra mwanafalsafa kutaja waziwazi hivyo faida ya nadharia yake. Msomaji wa Kiafrika ana sababu ya kusita hapa. Karne hiyohiyo meli zilikuwa zikivusha watu kutoka mwambao wa magharibi wa bara hili, na waliokuwa wakifaidika walihitaji hoja ya mfano huohuo: kwamba anayetumiwa hana ndani yake kitu cha kujeruhiwa. Sisemi kwamba Descartes aliiandika hoja hiyo kwa ajili ya wafanyabiashara wa watumwa. Nasema umbo la hoja ni moja, na lilikuwa tayari kwa yeyote aliyelihitaji.

Charles Darwin alijaribu kuuvunja ukuta. Katika kitabu chake cha mwaka 1871 kuhusu asili ya binadamu aliandika kwamba mbwa, paka, farasi, na huenda wanyama wote wa daraja la juu, hata ndege, wana ndoto zilizo wazi, na kwamba mienendo na sauti zao usingizini ndizo dalili. Kutokana na hilo alihitimisha kwamba wana uwezo fulani wa kuwazia yasiyokuwepo. Kwake hilo lilifuata kwa lazima: kama miili yetu ina ukoo mmoja na yao, itakuwaje akili zianze kwetu ghafla?

Lakini wanafunzi wa Darwin walimharibia. Vitabu vilijaa visa vya mbwa wenye busara na paka wenye hila, vilivyokusanywa kutoka kwa wapenzi wa wanyama bila kupimwa. Mwaka 1894 Conwy Lloyd Morgan alitoa kanuni ya tahadhari: usieleze kitendo cha mnyama kwa uwezo wa juu ikiwa uwezo wa chini unatosha kukieleza. Ilikuwa kanuni nzuri, na Morgan mwenyewe hakukusudia ikane akili za wanyama. Mwaka 1913 John B. Watson alienda mbali zaidi na kutangaza kwamba saikolojia ishughulike na tabia inayoonekana tu. Tahadhari ikageuka kuwa sheria. Kwa takribani nusu karne, kijana aliyetaka kazi chuoni hakuthubutu kuandika neno ndoto na neno mbwa katika sentensi moja. Usingizi wenyewe ulidhaniwa kuwa ni ubongo uliozimwa. Ivan Pavlov, aliyewajua mbwa kuliko wengi, aliueleza kuwa ni hali ya kizuizi kinachosambaa juu ya gamba la ubongo. Katika ubongo uliozimwa hakuna wa kuota, kwa hiyo miguu inayotukutika ilikuwa kelele tu.

Waliobadilisha mambo hawakuwa wakiwatafuta mbwa wala ndoto.

Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa na profesa mmoja, Nathaniel Kleitman, mzaliwa wa Kishinev, aliyejitolea maisha yake kuchunguza usingizi wakati ambapo wenzake wengi waliona ni mada isiyo na tija. Mwaka 1938 alikaa siku 32 ndani ya pango huko Kentucky ili aone kama mwili ungeweza kuzoea siku ya saa 28. Mwanafunzi wake, Eugene Aserinsky, alikuwa mtu mzima mwenye familia, asiye na fedha, wala hakuwa na shahada ya kwanza. Alipewa kazi ya kuchosha ya kutazama kope za watu waliolala. Akapata mashine kuukuu ya kurekodi umeme wa mwili, akaikarabati, na mnamo Desemba 1951 akamfunga nyaya mwanawe wa miaka minane na kumlaza maabara. Kalamu za mashine zilipoanza kurukaruka kana kwamba mtoto ameamka, Aserinsky alidhani mashine imeharibika. Aliingia chumbani akamkuta mtoto amelala fofofo, macho yakikimbia huku na huko chini ya kope.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mnamo Septemba 1953, kurasa mbili tu. Watu wazima walioamshwa macho yakiwa katika mbio hizo walisimulia ndoto mara 20 kati ya 27. Walioamshwa macho yakiwa yametulia, mara 19 kati ya 23 hawakukumbuka chochote. Hali hiyo tunaijua leo kwa kifupisho REM. Usingizi haukuwa taa iliyozimwa. Mara kadhaa kila usiku ubongo huwaka karibu sawa na ubongo wa mtu aliye macho. Aserinsky mwenyewe aliondoka Chicago baada ya kupata shahada, akaenda kuchunguza athari za umeme kwa samaki aina ya salmoni. Ninawataja samaki hao kwa sababu mara nyingi tunawasimulia wanafunzi historia ya uvumbuzi kana kwamba wavumbuzi walijua wamevumbua nini.

Mwenzake William Dement aliupeleka uchunguzi kwa paka. Mwaka 1958 alionyesha kwamba paka naye hupita katika usingizi wa namna hiyo: mawimbi ya ubongo ya haraka na madogo, macho yanayokimbia, na wakati huohuo sharubu, masikio na makucha yakitukutika. Majarida kadhaa yalikataa kazi hiyo kabla ya moja kuikubali. Ubongo uliochangamka ndani ya mnyama aliyelala ulikuwa ni mgongano wa maneno, na wahariri hawapendi migongano ya maneno.

Sasa tuhamie Lyon, Ufaransa, kwa Michel Jouvet, kwani hapo ndipo penye uzito wa kisa. Jouvet alikuwa tabibu na mpasuaji, aliyekuwa kijana katika harakati za msituni dhidi ya uvamizi wa Wajerumani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa akichunguza jinsi paka walioondolewa gamba la ubongo wanavyozoea sauti. Kwa kuwa mawimbi ya gamba hayakuwepo tena, alipachika nyaya katika misuli ya shingo ili ajue mnyama anapostuka. Siku moja kalamu ya misuli ilinyooka kabisa. Misuli ilikuwa imelegea moja kwa moja, kama ya maiti, ilhali sehemu za chini za ubongo zilikuwa zikifanya kazi kwa nguvu. Baada ya dakika chache hali ikapita, kisha ikajirudia kwa vipindi. Mwaka 1959 Jouvet aliipa hali hiyo jina la usingizi kinzani: ubongo umeamka, mwili umepooza.

Kwa kukata ubongo hatua kwa hatua, Jouvet aligundua kwamba chemchemi ya usingizi huu iko katika sehemu ya shina la ubongo iitwayo ponsi, neno la Kilatini lenye maana ya daraja. Leo utaratibu wake unajulikana kwa undani zaidi. Kutoka ponsi amri hushuka hadi uti wa mgongo, na huko seli za neva zinazoendesha misuli hufungiwa kwa kemikali kama glaisini. Wakati huohuo ubongo huendelea kutoa amri za mwendo: kimbia, ruka, ng'ata. Amri hizo hufika mlangoni na kukuta komeo. Hata hivyo komeo si imara kila sekunde. Mipigo ya ghafla hupenya, na hupenya kirahisi zaidi katika misuli midogo ya pembezoni: vidole, sharubu, midomo, ncha ya mkia. Misuli ya macho na ile ya kuvutia pumzi haifungwi kwa kiasi hicho. Basi hilo ndilo jibu la kimwili la swali la mtoto. Mbwa anayetukutika ni mbwa ambaye amri za mbio zinavuja kidogo kupitia mlango uliofungwa.

Niseme jambo la matumizi hapa, maana wapo watakaosoma wakiwa na wasiwasi juu ya mnyama wao. Mtukutiko wa usingizi ni mwepesi, wa vipande vipande, na mbwa akiitwa jina huamka na kukutazama. Kifafa ni kitu kingine: mwili hukakamaa, mshtuko hufuatana kwa mdundo, mate au mkojo unaweza kutoka, naye haamki kwa kuitwa. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo. Anayeota mwacheni, au mwiteni kwa mbali; mkono unaomgusa ghafla unaweza kung'atwa na mnyama ambaye bado yumo ndotoni. Wahenga walipoonya kwamba aliyelala usimwamshe hawakuwa wakizungumzia mbwa, lakini onyo lao linafaa.

Jouvet hakuishia kwenye komeo. Mwaka 1965, pamoja na François Delorme, alitangaza kilichotokea alipoharibu sehemu ndogo ya ponsi inayofunga misuli. Paka walilala kama kawaida. Ulipofika muda wa usingizi kinzani, badala ya kulegea, waliinua vichwa, wakasimama, wakanyemelea kitu kisichokuwepo, wakakirukia, wakakunja mgongo kwa hofu, wakajilamba. Macho yao hayakuona kilichowekwa mbele yao. Ukiwaonyesha chakula hawakushughulika nacho. Walikuwa wamelala. Ndoto yenyewe ilikuwa imetembea chumbani kwa miguu minne.

Sijui tukio jingine katika sayansi ya karne ile linalofanana na hilo kwa uzuri na kwa ubaya kwa pamoja. Descartes alidai ushahidi kwamba ndani ya mnyama kuna kitu, na paka huyu aliutoa, kwa kadiri kiumbe asiyesema anavyoweza kuutoa. Lakini ili autoe ilibidi fuvu lake lifunguliwe na sehemu ya ubongo wake iunguzwe, jambo lililoruhusiwa kwa sababu taasisi zilikuwa zingali zikimtendea kama mashine. Kadiri jaribio lilivyofaulu, ndivyo uhalali wake ulivyopungua. Mwanafunzi mmoja katika darasa langu la historia ya sayansi aliliweka hivi: Mwalimu, kama matokeo ni kweli, basi njia ni kosa, na kama njia si kosa, basi matokeo hayana maana. Darasa lilibishana mpaka kipindi kikaisha, na mimi sikuwa na haraka ya kuwanyamazisha.

Upande wa pili wa mizani una uzito wake, na mwanaharakati asiuruke. Mwaka 1986 Carlos Schenck, Mark Mahowald na wenzao huko Minneapolis walieleza wagonjwa watano, wengi wao wanaume wazee, waliokuwa wakipiga ngumi, kuruka kitandani na kuwaumiza wake zao usiku. Wote walikuwa wakiigiza ndoto zao. Kabla ya hapo watu kama hao walichukuliwa kuwa na kichaa, au chuki za ndoa, au pepo. Madaktari hao waliitambua hali hiyo kwa sababu ilikwisha onekana: ilikuwa ni paka wa Lyon katika mwili wa binadamu, komeo la misuli likiwa limelegea. Mwaka 1996 timu hiyohiyo iliripoti kwamba kati ya wanaume 29 wa namna hiyo waliofuatiliwa, 11 walikuwa wamepata dalili za ugonjwa wa Parkinson. Miaka mingi iliyofuata idadi iliongezeka mpaka wengi wao. Leo kuigiza ndoto kunahesabiwa miongoni mwa dalili za mapema kabisa za ugonjwa huo, pengine miaka kumi au zaidi kabla mkono haujaanza kutetemeka. Hakuna kamati ya fedha ambayo mwaka 1959 ingeweza kuandikiwa ombi likiahidi matokeo hayo.

Ninalisisitiza hili kwa watumishi wa umma wanaopitisha bajeti za utafiti. Fomu zetu huuliza mradi utaleta manufaa gani, kwa nani, na katika muda gani. Ni maswali halali katika nchi zenye uhaba wa fedha. Lakini fomu hiyo ingemnyima fedha Aserinsky na kalamu zake, ingemnyima Dement na paka wake, na ingemshauri Kleitman atoke pangoni.

Mizani haikutulia. Huko Pennsylvania, Adrian Morrison, daktari wa mifugo aliyeendeleza kazi ya paka hao, alivamiwa ofisini mwaka 1990 na kundi la watetezi wa wanyama, nyaraka zake zikaharibiwa na kuibwa. Yeye alitumia miaka iliyofuata akitetea majaribio ya wanyama hadharani. Ninaona pande zote mbili zilikuwa na hoja ambayo upande mwingine ulikataa kuisikia, na uvamizi haukusaidia kusikilizana.

Je, sasa tunajua mbwa anaota nini? Mwaka 2001 Kenway Louie na Matthew Wilson wa Massachusetts walirekodi seli za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu za mahali, kwa panya waliokuwa wakikimbia njia ya mviringo kutafuta chakula. Katika usingizi wa REM, karibu nusu ya vipindi vilivyorekodiwa vilirudia mfuatano uleule wa seli, kwa kasi inayokaribiana na ile ya mbio halisi. Iliwezekana kukadiria panya yuko wapi njiani katika usingizi wake. Lucretius na mabaki yake ya shughuli za mchana angejiona ameshinda.

Lakini pana pingamizi moja linalonipendeza kwa sababu linazuia sherehe kuwa kubwa mno. Mark Blumberg, wa Chuo Kikuu cha Iowa, amechunguza kwa miaka mingi vitoto vya panya ambavyo macho bado hayajafunguka. Vitoto hivi hutukutika maelfu ya mara kwa siku, na vina machache mno vilivyowahi kuyaona au kuyatenda ya kuyaota. Ukitenganisha gamba la ubongo na sehemu za chini, mtukutiko unaendelea. Tena Blumberg na wenzake walionyesha kwamba mwendo wa mguu hutangulia, na sehemu za ubongo zinazohusika na mguu huo huwaka baada yake. Maelezo yao ni kwamba ubongo mchanga unaujaribu mwili wake waya kwa waya: huu ni mguu wa kushoto, hiki ni kidole. Ni kama fundi umeme anayewasha swichi moja moja katika nyumba mpya ili ajue ipi inawasha taa ipi. Mtoto mchanga wa binadamu hutumia takribani nusu ya usingizi wake katika hali hiyo, na mama yeyote ameviona vidole vikicheza na midomo ikitabasamu bila sababu. Basi si kila mtukutiko ni ndoto. Kitoto cha mbwa cha wiki mbili na mbwa mzee aliyewahi kukimbiza ngedere huenda wanatukutika kwa sababu zisizofanana kabisa, na Darwin angelipaswa kuwatenganisha.

Kwetu jambo hili limefika kwa mlango ambao wengi hawakuutazamia, yaani mlango wa sheria. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inamtaka kila anayeitekeleza au kuitafsiri azingatie kwamba mnyama ni kiumbe chenye hisia. Ni maneno machache katika kifungu cha mwanzo, na nimekutana na maofisa wanaoitumia sheria hiyo minadani na machinjioni bila kuyagundua. Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yakibishaniwa tangu barua ya mwaka 1649. Ofisa anayesimamia kuuawa kwa mbwa wazururaji, kwa risasi au kwa sumu inayochukua saa nyingi kuua, amefungwa nayo sawa na mwenye mbwa. Hoja ya kichaa cha mbwa ni ya kweli na nzito, lakini hiyo ni hoja ya kuchanja na kusimamia. Haimrudishi mnyama katika hali ya saa ya ukutani.

Na kwa watafiti wa bara hili wanaouliza kama swali la namna hii linaweza kuulizwa bila kisu ndani ya ubongo, upo mfano wa mwaka 2017. Timu iliyoongozwa na Paul Manger wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand iliweka kifaa kidogo cha kupima mwendo chini ya ngozi ya mkonga wa ndovu wawili majike, viongozi wa makundi yao katika hifadhi ya Chobe, Botswana, pamoja na kola ya kuonyesha mahali na mkao wao. Mkonga ukitulia kabisa kwa dakika tano, walihesabu ndovu amelala. Kwa siku 35 ndovu hao walilala wastani wa saa mbili tu kwa siku, wakiwa wamesimama mara nyingi. Walijilaza chini mara moja kila siku tatu au nne, na kwa kuwa ndovu aliyelegea misuli hawezi kusimama, watafiti walikadiria kwamba ni siku hizo tu ndizo walizoweza kuota. Siku nyingine kitu fulani kiliwafukuza, pengine simba, pengine majangili. Wakatembea kilomita 30 katika giza, bila kulala kabisa usiku huo.